Kosa la Mkono na Kosa la Kunyamaza

 

Swali nitakalolieleza leo nililetewa katika darsa yetu ya baada ya Isha, hapa mtaani Umoja, mashariki ya mji wa Nairobi. Mtaa huu ulianza kujengwa katika miaka ya 1970, nyumba za chini zenye vyumba vichache. Leo nyingi katika hizo zimegeuka maghorofa, na huenda mbali hujakuta ghorofa ambalo chini yake hapana duka la dawa. Watu wetu wa pwani walioko huku kwa kazi na biashara si haba, na kila mwezi huwapokea wazee wao watokao Mombasa, Malindi na Lamu, waliokuja kutafuta matibabu ya mji mkuu. Kwa hivyo jambo hili, ijapokuwa limetokea Nairobi, ni lenu nyinyi mlioko huko kama lilivyo letu.

Aliyeniletea swali ni binti wa Kiislamu, muuguzi katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Alikuwa zamu ya usiku, yeye peke yake na wagonjwa zaidi ya 30. Katika wadi ile walikuwako wazee wawili, wote Waislamu, jina lao moja na jina la baba moja. Nanyi mwajua kuwa majina yetu ni machache na yazunguka. Mmoja amelazwa kwa homa ya mapafu, wa pili kwa maradhi ya kisukari. Muuguzi akaita jina, mzee wa homa ya mapafu akaitika, akapewa kidonge cha kushusha sukari kilichoandikiwa mwenziwe. Kabla ya alfajiri mzee akaanza kutetemeka na kutoka jasho jingi, na maneno yakampotea. Binti akapima sukari ya damu, akaiona imeshuka mno, akamtia maji ya sukari kwa mshipa. Mzee akapata fahamu, na Mwenyezi Mungu akamwafu.

Asubuhi binti alimweleza mkubwa wake. Mkubwa akamwambia, "Andika kuwa mgonjwa alipatwa na udhaifu usiku, akatibiwa, akapona. Yamekwisha." Na katika ukuta wa nyumba ile, mlangoni, mmetundikwa cheti kinachosema kuwa hospitali hii imekaguliwa na kuthibitishwa.

Binti akanijia na mamake, akaniuliza: "Sheikh, mzee angali wadini, na kila nipitapo huniombea dua kwa kuwa nilimwokoa. Je, nimwambie kuwa mimi ndiye niliyemdhuru, au ninyamaze?"

Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nalimjibu hapo hapo. Nalimwambia, "Mwanangu, mzee amepona, wewe umetubu, na kumsitiri Muislamu kuna thawabu kubwa. Nyamaza, na uzidishe sadaka." Mamake akafurahi, binti akanyamaza, na mimi nikaona nimetoa fatwa nzuri.

Hazikupita wiki mbili, akarejea. Akanambia kuwa kosa lile lile lilikuwa karibu kutokea tena katika wadi ya wanawake, kwa wagonjwa wawili wenye jina moja, na muuguzi mwingine kabisa, na lau si binti wa mgonjwa mmoja aliyeuliza, "Dawa hii ni ya nini? Mamangu hana sukari," lingelitokea. Kwani nini kilichobadilika baada ya kosa la kwanza? Hapana kilichobadilika. Hapana aliyejua illa yeye, mkubwa wake, na mimi. Ndipo nilipoona kuwa fatwa yangu ya haraka ilikuwa na fungu lake katika hatari ya yule mama. Niliyoyapata niliporudi katika vitabu na katika fikra ndiyo haya ninayowaandikia.

Jambo la kwanza ni hili neno letu la "amri ya Mungu". Sisi watu wa pwani tukifikwa na msiba hospitali, husema, "Siku zake zimefika," tukamchukua maiti wetu tukaenda kuzika, na hapana aulizaye. Kuridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu ni nguzo ya imani, nami siigusi. Lakini kadari ni ya kumliwaza aliyefikwa, si ya kumkinga aliyezembea. Mtu akikugonga kwa gari, wewe husema "kadari", na ni sawa kusema. Walakini dereva akisema "kadari" ili asiulizwe breki zake, huyo ameigeuza imani kuwa pazia. Aliyetukadiria ajali ndiye huyo huyo aliyetuamrisha kuchunga amana. Basi twaridhika na yaliyopita, na twauliza kwa ajili ya yajayo, wala hapana mgongano baina ya mambo haya mawili.

Jambo la pili ni kuwa sheria yetu imetenga baina ya dhambi na dhamana, na watu wengi huvichanganya. Aliyekosea bila ya kukusudia, na hali amechukua uangalifu wake, hana dhambi ya aliyekusudia. Lakini kutokuwa na dhambi si kusema kuwa hapana kitu. Tazameni katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, jinsi Mwenyezi Mungu alivyoweka hukumu ya mtu aliyemwua muumini kwa kukosea: iko kafara, na iko diya ya kuwapa wenyewe, illa wakisamehe. Na fikirini neno hili la kusamehe: vipi watu watasamehe kosa wasiloambiwa? Msamaha ni haki ya aliyedhuriwa, na anayemficha kosa amemnyang'anya hata nafasi ya kusamehe.

Tena, diya ya kosa sheria haikumtwika mkosaji peke yake. Imeiweka juu ya akila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, wachangiane. Maulamaa waliozungumza juu ya matabibu, kama Ibnul Qayyim, wamepambanua: mjinga aliyejitia utabibu ni mdhamini wa alichoharibu, na bingwa aliyepewa ruhusa kisha mkono wake ukateleza, naye pia yuko na dhamana, ila malipo yakiwa makubwa hubebwa na akila. Kwa nini? Baadhi ya hekima yake, kama nionavyo mimi, ni kwamba mtu hakosei peke yake. Wako waliomlea, waliomfunza, waliomwacha peke yake. Wakijua kuwa kosa lake litawagharimu wote, watamwangalia kabla hajakosea. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa 30 usiku kucha: je, kosa lile ni lake pekee, au ni la nyumba nzima iliyompanga hivyo? Wataalamu wa hospitali duniani wamefika katika miaka hii ya karibuni kusema kuwa kumfukuza mmoja hakuponyi wadi, na kwamba lazima utazamwe mpango mzima wa kazi. Nasi tulikuwa na akila tangu zamani, tukaisoma katika fikihi kama jambo la ngamia na mabedui tu.

Jambo la tatu ni sitara, nalo ndilo lililoniteleza. Kumsitiri ndugu yako ni sunna kubwa, lakini husitiriwa nini? Husitiriwa aibu ya mtu baina yake na Mola wake, ambayo kuifichua hakumfai yeyote. Ama shimo lililo njiani, hilo halisitiriwi kwa majani. Hilo huwekewa alama. Wahenga wetu wamesema kuwa mficha maradhi kilio humfichua.

Na iko dalili iliyo wazi kuliko methali. Katika zama za Mtume wetu (S.A.W.) watu walikuwa safarini, mmoja wao akapasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana madhali maji yako. Akaoga, akafa. Imepokewa na Abu Daud kuwa habari ilipomfikia Mtume hakusema kuwa siku zake zimefika wakati ule basi. Aliwalaumu kwa ukali kwamba wao ndio waliomwua, na akawafundisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Kosa lilitajwa, sababu yake ikatajwa, na njia ya kujikinga ikatajwa. Hili ndilo limetufikia sisi, na tangu siku ile ni wagonjwa wangapi wameokoka kwa ruhusa ya kutayamamu? Lau lingelisitiriwa, lingeliua mwingine.

Vile vile alipotumwa Khalid bin Walid kwa Bani Jadhima, na watu wakauawa pasipo haki, Mtume alijitenga mbele ya Mola wake na kitendo kile. Kisha, kama walivyopokea wenye sira, akampeleka Ali bin Abi Talib na mali, akalipa diya za waliouawa na kila kilichopotea, hata chombo anywiacho mbwa. Na iliyobaki akawapa kwa yale ambayo hawakuyajua. Wala Khalid hakutupwa. Aliendelea kuutumikia Uislamu. Basi hizi ni sunna tatu: kukiri wazi, kulipa kwa ukamilifu, na kutomvunja aliyekosea. Hospitali zetu nyingi huzigeuza zote tatu: hukanusha, hazilipi, na likifichuka humtupa mmoja mdogo ili wakubwa wapumue.

Mtu atasema, "Sheikh, hayo ni ya wadi moja." La. Mwezi wa Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, ahitaji kupasuliwa. Wa pili alikuwa na uvimbe tu, usiohitaji kisu. Akapelekwa chumba cha upasuaji yule asiyehitaji, akafunguliwa fuvu, na kazi ikaendelea kwa saa kadhaa mpaka madaktari walipoona kuwa damu waitafutayo haiko. Nchi nzima ilistuka. Mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima, na daktari na wenzake wakasimamishwa kazi. Lakini madaktari wenzake wakalalamika, wakisema kuwa kosa halikuanzia kwenye kisu, lilianzia wadini, katika kibandiko cha jina. Sitaki kuhukumu baina yao. Nataka mwone kuwa jambo kubwa vile lilitokana na jambo dogo vile: jina la mtu.

Na ikiwa uko umati duniani uliopasa kujua uzito wa jina, basi ni sisi. Wanachuoni wa hadithi walipoona kuwa wapokezi wawili huenda wakawa na jina moja, na jina la baba moja, mmoja mkweli na mwingine dhaifu, hawakusema "Mungu atatofautisha". Walitunga vitabu makhsusi vya kuwatenga watu wa majina yaliyofanana, kama alivyofanya Al-Khatib wa Baghdad. Na vingine vya kuyatenga majina yanayofanana kwa maandishi na kutofautiana kwa matamshi, kama alivyofanya Ad-Daraqutni. Walimtambua mtu kwa jina lake, la baba, la babu, kunia yake, mji wake na mwaka wake wa kufa. Yote hayo kwa ajili ya neno lisihamishwe kwa asiyekuwa mwenyewe. Basi hospitali zinapowaamrisha wauguzi wasimtambue mgonjwa kwa jina tu, bali kwa alama mbili, yaani jina na tarehe ya kuzaliwa au jina na nambari ya faili, na tena wamuulize mgonjwa "Jina lako nani?" wala wasimwambie "Wewe ndiwe fulani?", maana mgonjwa aliyelemewa huitika kila aitwalo, hiyo ni elimu ya wapokezi imeingia wadini. Yule mzee wetu aliitika. Asingeliitikaje, na jina ni lake?

Ni hivyo hivyo katika hati. Kila aliyesoma chuoni ajua kuwa nukta moja hugeuza herufi. Walimu wa Kiarabu hupiga mfano wa tabibu mmoja, Tuma, ambaye katika nakala yake mwandishi aliteleza: mahali pa habba sauda, yaani habbasoda yetu hii, palisomeka hayya sauda, yaani nyoka mweusi. Nukta moja imekuwa mbili. Husimuliwa kuwa aliitibu hati na kuwaua watu. Leo nukta ile ingaliko. Daktari akiandika kipimo 1.0 na nukta isionekane, husomwa 10, na mgonjwa hupewa mara kumi. Akiandika herufi U kwa maana ya vipimo vya insulini, vipimo vinne hugeuka 40, kwa kuwa U hufanana na sifuri. Kwa sababu hii kanuni za usalama wa dawa zasema: usiandike sifuri baada ya nukta, andika sifuri kabla yake, andika neno "yuniti" kwa ukamilifu. Dawa ambazo majina au vichupa vyake hufanana zisiwekwe pamoja. Dawa kali, kama insulini, zitazamwe na watu wawili kabla ya kutolewa. Na maji mazito ya potasiamu, ambayo yakitiwa kwa mshipa bila ya kuchanganywa husimamisha moyo, yasiwekwe wadini pamoja na dawa za kila siku. Na daktari akitoa amri kwa simu, muuguzi aiandike, kisha amsomee, naye daktari athibitishe. Kama mwanafunzi amsomeavyo sheikh wake kabla ya kupewa ijaza.

Hizi si anasa za matajiri. Mwezi wa Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwito wa "dawa bila madhara", likakadiria kuwa makosa ya dawa huigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Na tangu 2019 tarehe 17 Septemba ni siku ya usalama wa mgonjwa, ambayo katika 2022 ilielekezwa khasa katika jambo hili la dawa. Nyingi katika kanuni nilizozitaja hazihitaji mashine. Zahitaji kalamu, kibandiko, na mtu kumcha Mungu.

Sasa natuje kwenye cheti cha ukutani, ambacho wataalamu wakiita ithibati. Maana yake ni kwamba watu wa nje, wasiokuwa wa nyumba ile, wamekuja na viwango vilivyoandikwa, wakatazama kila kitu, kisha wakashuhudia. Jambo hili nalo si geni kwetu. Katika mwaka 319 wa Hijra, yaani 931, mtu alikufa Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa Al-Muqtadir akamwamrisha Sinan bin Thabit awatahini matabibu wote wa mji, asitibu mtu illa aliyepewa idhini. Imepokewa kuwa waliotahiniwa walizidi 800. Na muhtasibu alikuwa akipita katika maduka ya wauza dawa, akiangalia mizani na michanganyiko yao. Kenya nayo ina sheria ya dawa na sumu tangu 1957, na bodi yake ndiyo itoayo ruhusa kwa wafamasia na maduka yao. Lipo baraza la madaktari linaloruhusu hospitali. Na vipo viwango vya hiari, kama vile vya SafeCare vilivyoanzishwa 2011, ambavyo hupanda hospitali daraja kwa daraja. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilipata 2013 ithibati ya tume ya kimataifa iliyoko Marekani.

Hayo yote ni mema. Lakini ithibati ni ushahidi, na kadhi hamkubali shahidi mpaka afanyiwe tazkiya, aulizwe kwa siri na kwa dhahiri; wala tazkiya ya jana haitoshi kwa mtu aliyebadilika leo. Mkaguzi akitangaza siku yake, nyumba huoshwa, mashuka hubadilishwa, wauguzi wa zamu tatu hukusanywa katika zamu moja. Waswahili wamesema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgonjwa hapati kupona kwa mgeni wa siku moja akiondoka. Hiyo ni riya, na riya ya kumdanganya mkaguzi ni mbaya kuliko riya ya sala, maana ya sala yamdhuru mwenyewe, na hii yamdhuru aliyelala kitandani. Naye mkaguzi anayetia sahihi asichokiona huyo ni shahidi wa uwongo.

Na mtu asidhani kuwa karatasi peke yake yamtosha. Katika 2022 huko Gambia, nchi ambayo watu wake wengi ni Waislamu ndugu zetu, watoto wasiopungua 66 walikufa baada ya kunyweshwa dawa za maji za kikohozi zilizotoka ng'ambo, ambazo Shirika la Afya Duniani lilikuta ndani yake sumu itumiwayo katika kazi za viwanda. Dawa zile zilifika zina karatasi zake. Wazazi waliwapa watoto wao kwa mkono wa huruma.

Alama nionayo mimi ya hospitali iliyo amini si ile isemayo "hatukosei". Hiyo mwikimbie. Ni ile yenye daftari la makosa, ambamo muuguzi huandika, "Leo nilitaka kutoa dawa ya huyu kwa yule," wala haadhibiwi kwa kusema kwake, na wiki ya pili hukuta vitanda vya wenye jina moja vimetengwa. Ama mlevi, na mzembe aliyeonywa akarudia, na mjinga aliyejiita daktari, hao wana hukumu yao, sisemi waachwe. Sema kweli hulindwa, uzembe haulindwi: huo ndio mpaka.

Nanyi wasomaji, msidhani lawama ni ya hospitali tu. Wangapi katika sisi hununua nusu ya dawa kwa kuwa fedha hazikutosha, na hatumwambii daktari? Wangapi humpa jirani vidonge vya presha kwa kuwa "maradhi yetu ni mamoja"? Wangapi mwezi wa Ramadhani, akiwa ameandikiwa kimoja mara tatu, huvimeza vyote vitatu wakati wa kufuturu, akaanguka, tukasema jini? Mgonjwa na amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Huenda akampangia upya, na huenda akamwambia asifunge, na ruhusa ya Mwenyezi Mungu iko. Wangapi hunywa mitishamba na makombe kisha wakamficha daktari kwa kuona haya? Sibishani nawe leo juu ya kombe. Nasema usimfiche mtu akutiaye dawa kali katika mshipa. Umpelekapo mzazi wako hospitali, tia dawa zake zote katika mfuko mmoja uende nazo. Sema majina matatu, sema na mwaka. Kila kidonge uliza: hiki ni cha nini? Yule mama aliokolewa na swali la bintiye. Na ukiuliza ukakemewa, uliza tena. Katiba ya nchi hii ya 2010, katika kifungu cha 43, imekupa haki ya afya, na Mola wako amekupa ulimi.

Na zahanati tunazozijenga sisi wenyewe kwa wakfu na sadaka, tukazipa majina ya masahaba, tuziache zikaguliwe kabla ya za wengine. Jina tukufu mlangoni si kinga. Likitokea kosa ndani yake, aibu huwa ya dini.

Nirudi kwa binti. Nalimwambia, "Mwanangu, fatwa yangu ya kwanza ilikuwa kosa, nami naiondoa. Mwambie mzee." Nikaenda pamoja naye, kwa kuwa aliyeshauri kunyamaza yampasa asimame penye kusema. Mzee alikuwa ametoka hospitali, yuko kwa mwanawe huku huku Umoja. Binti akamweleza yote, akilia. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, nimekusamehe. Na yule mwenzangu wa jina, usiku ule alikosa dawa yake. Yeye je, mumemwambia?" Hatukuwa na jawabu. Hapana hata mmoja wetu aliyemkumbuka mgonjwa wa pili. Binti akaenda kumtafuta.

Kisha akaandika kisa chote kwa hospitali, kwa jina lake. Vitanda vya wenye majina sawa vikatengwa, na kila mgonjwa akafungwa kitambulisho mkononi chenye nambari. Na mkataba wa binti ulipokwisha haukufanywa upya, wala hakuambiwa sababu.

Siwafichi haya, maana ningekuwa nimewaandikia kurasa hizi bure. Kusema kweli kulimgharimu kazi, na mimi ni katika waliomwambia aseme. Ndipo nikawakumbusha watu wa darsa mas'ala ya akila. Nikawaambia, huyu ametubebea jambo ambalo faida yake ni yetu sote, basi nasi tumbebe. Wakachanga kila mwezi, mchana wa Ijumaa, mpaka alipopata kazi pengine. Hazikuwa fedha nyingi. Lakini mwaogopa kuwa wauguzi hawatasema kweli? Watasemaje, na hali wakisema hubaki peke yao? Umati unaotaka kweli na uwe tayari kuilipia.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, aithibitishe mikono ya wanaowahudumia, na atujaalie ndimi zinazokiri kabla ya kulazimishwa. Amin.